Mwaka Nilipokunywa kwa Mwendo wa Kalenga

Tulimzika Kalenga mwezi uliopita, hapa hapa Kamina, mji wetu wa reli, na kwenye kilio chake watoto wake waliwapa wageni bia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, chupa moja mbele yangu na glasi ya maji pembeni, nikiwasikiliza wanaume wa reli wakimsifu marehemu. "Papa yetu alikuwa mwanaume," alisema mtoto wake mkubwa. "Alikunywa miaka yote, pombe haikumufanyaka kitu. Hata siku moja hamukumuona anaanguka." Wote wakaitikia. Mimi nilisogeza glasi ya maji karibu. Nilikuwa nimemtembelea kitandani wiki mbili kabla, nikaona tumbo lililojaa maji na macho ya manjano, na munganga wa hospitali alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini kwamba ini limekwisha. Pombe haikumwangusha Kalenga, hiyo ni kweli. Ilimla akiwa wima. Jirani yangu, kijana wa depo, aliiangalia chupa yangu ambayo kwa saa nzima haikuwa imefika nusu, akacheka: "Mwalimu, uko nakunywa kama kuku. Unaogopa nini?" Nikamjibu kwamba ninaogopa mtu mmoja. Akageuka huku na huku akimtafuta mtu huyo kati ya wageni. Nilimwacha atafute. Mtu ninayemwogopa ni yule ninayekuwa mimi baada ya glasi ya tatu, na nilikutana naye mara moja tu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kwenye kilio kingine, Kalenga akiwa amesimama nyuma yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifundisha darasa la tatu kwa mara ya kwanza. Ya kwetu nayaacha. Inatosha mjue kwamba nilikulia katika nyumba ya Wametodisti ambamo neno pombe lilitamkwa kwa kunong'ona, kama ugonjwa wa jirani. Nilipanga chumba kwa Mama Numbi, mjane wa mtu wa reli, mwanamke wa miaka kama hamsini, mfupi, mwenye mikono mikavu na macho yaliyokaa juu ya mtu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza moja, na mlango wa pili uliopigiliwa misumari, ulioelekea kwenye stoo yake. Treni ya mizigo ikipita, misumari ile ilikuwa inalia. Humo stooni ndimo alimoweka munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, ambacho siku ya kwanza ni kitamu na hata mtoto anakunywa, lakini ukikiacha siku tatu au nne kinakuwa kikali na kinaweza kumlaza mtu mzima. Siku niliyohamia alinikaribisha kwa kikombe kimoja kikubwa. Nilikunywa kwa kiu, kama maji. Ninachokumbuka cha alasiri ile ni joto la masikio, moyo uliopiga mpaka shingoni, na valizi yangu ya nguo: nilikuwa na hakika kwamba mtu ameifungua. Nilimuuliza Mama Numbi mara tatu. Hakuna kitu kilichopotea, lakini nililala na valizi miguuni, na asubuhi bado nilikuwa na hakika.

Kila Jumamosi, baada ya saa sita mchana, wanaume walikuja kukaa barazani kwake chini ya mabati, nami nikakaa nao, kwa sababu ilikuwa afadhali kuliko kukaa chumbani na daftari za watoto. Hapo ndipo nilipoanza kujua kwamba pombe ni moja lakini watu si wamoja. Kalenga, fundi wa injini kule depo, mwenye mabega ya kuziba mlango, alikunywa vikombe vitano huku akirekebisha mnyororo wa baiskeli, na hata njugu moja haikumdondoka mkononi. Fundi cherehani wa jirani alipata usingizi kikombe cha kwanza kabla hakijaisha. Papa Mukalayi, dereva wa treni aliyestaafu, mzee mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa joto, alifika nusu ya kikombe tu, akaanza kutaja stesheni zote za kutoka Kamina mpaka Bukama kwa utaratibu wake, machozi yakimtiririka, na akikosea moja alirudi mwanzo. Mimi niliwaangalia usoni. Kwa nini huyu amecheka? Kwa nini yule ameangalia upande wangu kabla ya kucheka? Nilidhani ninajifunza tabia za watu.

Mama Numbi hakuuza kama wengine. Kwake mtu hakunywa kabla sahani yake haijaguswa. Alileta njugu za kukaanga, mihogo ya kuchemsha, na siku nyingine bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wakavu waliotoka Kinkondja, akasimama juu ya kichwa chako mpaka utie mkono. "Kula kwanza," alisema. "Munkoyo haiko na miguu, haitakimbia." Ukiita kikombe cha pili mapema mno, alichukua ufagio akaenda kufagia uwanja. "Mama, uko nasikia?" "Niko nasikia. Ungoje." Wakati mwingine alileta maji badala ya munkoyo, akageuka kama hajui ulichoagiza. Wanaume walinung'unika, lakini Jumamosi iliyofuata walirudi. Kwangu mimi mambo yale yote yalikuwa na harufu. Mwenye kuuza anataka watu wanywe. Mwenye kuuza anayewazuia wanunuzi wake anatafuta kitu kingine.

Halafu nikaona kile cha stoo. Mlango uliopigiliwa misumari ulikuwa na ufa wa upana wa kidole, na nikikaa mezani kusahihisha, jicho langu la kushoto liliuangukia bila kutafuta, ndivyo nilivyojiambia. Stooni kulikuwa na vyombo viwili: bidoni la njano la lita ishirini, na chungu cheusi kilichofunikwa kwa sahani, pembeni, gizani. Mama Numbi alijaza vikombe humo ndani, nyuma ya rido, pazia la kitambaa, akavitoa vikiwa vimejaa. Kila mtu alikuwa na kikombe chake, nami nilivijua: cha Kalenga kilitoka kwenye bidoni. Cha fundi cherehani, kwenye bidoni. Cha Papa Mukalayi kilitoka kwenye chungu, kisha akaongeza tone la bidoni juu yake, akakoroga kwa kijiti. Na kikombe changu kikafuata njia ya kile cha mzee: chungu, tone, kukoroga. Niliangalia Jumamosi nne mfululizo. Haikubadilika. Nilimwambia Kalenga tukiwa njiani kwenda sokoni: "Papa Mukalayi na minyi, sisi wawili tu, Mama Numbi anatutilia mu chungu. Juu ya nini, sababu gani?" Kalenga akacheka. "Muulize ye mwenyewe." Sikumuuliza. Swali ambalo ningelisema kwa sauti na kujibiwa kwa dakika moja, nililifuga miezi saba, nikililisha kila nilichosikia.

Na vya kusikia havikukosa. Nyuma ya dirisha langu wanawake walipita na ndoo, na dirisha lilikuwa la karatasi ngumu, halizuii neno. "Bwana yake alikufa na tumbo," alisema mmoja asubuhi moja. "Akavimba hivi, hivi." "Na ule Papa Mukalayi, uliona macho yake?" alijibu mwenzake. "Iko nakula kwa ule mama, iko nakunywa kwa ule mama." Wakacheka kidogo, wakapita. Jumamosi ile nilimwangalia mzee vizuri. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya mafuta ya mawese. Kuanzia siku hiyo nilikubali kikombe changu, nikasema asante, nikaenda nacho nyuma ya choo na kukimwaga mchangani. Sombe, majani ya mihogo aliyonipikia, niliwapa kuku wa jirani, nikawachungulia kesho yake kama bado wanatembea. Walitembea. Hilo halikunituliza, nilijiambia kwamba dawa ya mtu haimdhuru kuku.

Papa Mukalayi alifariki mwishoni mwa mvua. Alitapika damu Alhamisi, Ijumaa akazikwa, na Jumamosi watu walikuwa bado wamejaa kwake, wanawake wakilia ndani pamoja na mjane, wanaume wamekaa nje chini ya turubai. Asubuhi hiyo sikula. Nilikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu aliyekunywa chungu kimoja na maiti. Kalenga alinikuta nimekaa kitandani. "Twende," alisema. "Leo hatunywe ile uji ya Mama Numbi. Leo tunalilia mzee kama wanaume." Alinipeleka kwenye nyumba moja nyuma ya soko, walikouza lutuku, ile pombe kali ya kuchemshwa inayowaka ukiitupia kiberiti. Hapo hapakuwa na njugu, hapakuwa na mihogo, wala mtu wa kukuambia ungoje. Kulikuwa na benchi, ukuta, na glasi ndogo zilizofika haraka.

Kalenga akanywa moja, nami moja. Akanywa ya pili, nami ya pili. Hakunilazimisha, nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye wengi walisema alinilazimisha. Niliona aibu tu glasi yangu kubaki imejaa wakati yake imekauka. Alikuwa na mwili mara mbili ya wangu na miaka kumi na mitano ya mazoezi, na nilikwenda kwa mwendo wake kama mtu anayekimbia pembeni ya treni na kudhani wanatembea pamoja. Baada ya ya tatu Kalenga alikuwa ananieleza kuhusu pampu ya mafuta ya injini fulani, sauti ileile, mikono ileile. Kwangu, kila kitu kilikuwa kimefunguka. Hilo ndilo jambo la kutisha ninalowaambia vijana wakinisikiliza: sikuhisi nimelewa. Nilihisi nimefahamu. Chungu, bidoni, kijiti, tumbo la marehemu mume wake, macho ya mzee, hata valizi yangu ya siku ya kwanza, vyote vilijipanga mstari kama watoto asubuhi mbele ya bendera. Nilikunywa ya nne ili nisiogope kusema.

Tulifika kwenye kilio kama saa tisa, jua kali. Mama Numbi alikuwepo, amekaa upande wa wapishi, anachambua mchele kwenye ungo. Nilisimama katikati. Mwalimu akisimama, watu wananyamaza. Ndiyo nguvu niliyokuwa nayo, na nikaitumia. "Ninyi bote," nilisema, "mumuulize Mama Numbi juu ya nini iko na vyombo viwili. Mumuulize Papa Mukalayi alikunywa mu nini. Niliona na macho yangu." Nikaeleza yote, kwa utaratibu, kama somo la darasani, wananiambia ulimi wangu haukuteleza hata mara moja. Sauti ikapita chini ya turubai. Mtu akasema, "Na bwana yake vilevile." Wanaume wanne wakaondoka kuelekea nyumbani kwake, wengine wakafuata, nami katikati yao, na Mama Numbi akija nyuma yetu bila kukimbia, ungo bado mkononi. Walivunja mlango wa stoo. Bidoni lilipasuliwa kwa panga, chungu kikavunjwa kwa mguu wa kitanda, na munkoyo ukatiririka uwanjani mpaka kwenye viatu vyangu. Alipojaribu kuingia, mtu alimsukuma. Akaangukia mkono wake wa kulia, nikasikia ulivyolia. Hakujitetea kwa neno. Alikaa chini pale pale, akaniangalia kwa yale macho yake marefu, akauliza:

"Mwalimu, ulikula leo?"

Watu walizomea. Wengine walisema ni laana anatamka. Kalenga, aliyekunywa glasi sawa na zangu, alisimama nyuma yangu, wima, akitazama viatu vyake. Mimi nikatapika juu ya vigae vya chungu, na baada ya hapo sina kitu cha kusimulia, kwa sababu sikumbuki.

Jumapili niliamka na kichwa kinachopasuka, nyumba ikiwa kimya. Jumatatu Mama Numbi alipanda treni ya Bukama, mkono umefungwa kwa kitenge, godoro moja na sufuria mbili. Siku hiyohiyo direkta wa shule alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu na kunipa mkono. Alikuwa amesikia kwamba nimefichua kiwanda cha pombe na cha uchawi pamoja. Hakusikia, au hakutaka kusikia, nilikuwa katika hali gani nilipokifichua. "Vijana kama hawa ndio tunaowahitaji," alisema. Nilipokea mkono ule. Harufu ya lutuku ilikuwa bado inatoka kwenye ngozi yangu.

Siku za kilio zilipokwisha, mjane wa Papa Mukalayi alikuja kunitafuta. Alikuwa amefunga kichwa kitambaa cheusi, na hakukubali kukaa. Siku ile alikuwa ndani, kwenye mkeka, kati ya wanawake wanaolia. Makelele ya nje aliyadhani ni ugomvi wa chakula. "Minyi njo nilimuomba Mama Numbi," aliniambia. "Munganga alisema bwana yangu asikunywe tena, ini yake iko mbaya. Lakini ule mzee, ukimukataza ku nyumba, anaenda ku inje. Nikamuambia Mama Numbi, umupikie ile ya siku moja, ile ya batoto, uweke tone ya nguvu juu yake asikie harufu, akae na benzake, alie na stesheni zake. Aliapa hatasema kwa muntu. Na hakusema, hata bale bantu bakimuvunja mukono." Nikamuuliza, basi nini kilimuua. Akaniangalia kwa mshangao. "Lutuku. Ya nyuma ya soko. Uliza rafiki yako, yeye njo alikuwa anamupeleka."

Nilimuuliza Kalenga. Ni mara ya pekee tuliyozungumza jambo hilo katika urafiki wetu wote. Alikuwa amelala chini ya lori, sikuona uso wake. "Mzee aliniomba," alisema. "Alisema munkoyo ya Mama Numbi inakuwa kama maji. Weye ungekatala?" Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile uwanjani. Spana yake ikaendelea kugonga chuma. Baadaye akasema, "Nilisema nitasema kesho." Sikuwa na haki ya kumhukumu, nami nilikuwa nimesema siku hiyohiyo kile nilichopaswa kukinyamazia milele. Nilizunguka kwa wale wanaume wanne, nyumba kwa nyumba, nikawaeleza ukweli. Wawili walisema hawakuwepo. Mmoja alicheka. Wa nne alinikumbusha kwa upole: "Mwalimu, weye njo ulituambia." Kwa direkta pia nilikwenda. Alinisikiliza, akafunga dirisha, akaniambia jambo hilo lisitoke nje ya ofisi ile.

Likizo kubwa ilipofika nilipanda treni kwenda Bukama. Nilimkuta karibu na mahali mitumbwi inapofikia, anauza samaki wakavu, ameketi juu ya sanduku. Mkono wa kulia ulikuwa umeungana vibaya; alipima samaki kwa kushoto. Nilianza maneno niliyoyatayarisha tangu Kamina, akayakatisha. "Iko jua. Twende ku nyumba." Nyumba ilikuwa chumba kimoja, sakafu imefagiwa, sufuria zile mbili ukutani. Nikamwambia mjane amenieleza yote. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama mzee alijua anakunywa nini. "Alijua," alisema. "Muntu alikunywa miaka makumi ine, hatajua? Alikuwa ananiangalia, anakunywa." Ndipo nikauliza langu: na mimi, kwa nini chungu? Mimi sikuwa mgonjwa. Mama Numbi akanitazama kama anayeamua kama nitaweza kubeba jibu.

"Siku ya kwanza nilikupa ya bidoni," alisema. "Kikombe moja. Macho ikakuwa nyekundu, ukaanza kunitafutia valizi. Nikasema, huyu mutoto, pombe haimulazi, haimuchekeshi. Inamuonyesha wezi. Iko bantu ya vile, bwana yangu alikuwa muntu ya vile. Nikasema, huyu nitamutilia mu chungu mupaka azoee kula mbele, azoee kungoja. Halafu kidogo kidogo." Akashusha sufuria moja ukutani. "Ningekuambia, ungekasirika. Bijana banakasirika."

Sasa ninakunywa chupa moja, nikishakula, na maji pembeni, kwa mwendo wangu, hata kama meza nzima inanicheka. Na ikitokea nikaanza kuona kwamba watu wawili kule mbali wananizungumzia, ninaiweka glasi chini bila kuchunguza kama ni kweli. Inawezekana ni kweli. Lakini siamini tena hakika yoyote inayonijia na joto la masikio. Huo ndio utaratibu wangu wote, na nimeupata kwa mkono wa mtu mwingine.

Siku ile Bukama, Mama Numbi alinipikia bukari na samaki wa mto Lualaba, kwa mkono mmoja, akikataa nimsaidie. Alipoweka sufuria chini nilinawa, nikasogea. Akasema, "Ungoje." Akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaling'ata mbele yangu, akamega kipande cha samaki, akakila, akanywa maji ya kikombe changu, akafungua kinywa kidogo ili nione kwamba amemeza. Nilimwambia, "Mama, usifanye vile. Nakuomba." Hakuwa na hasira. Alisema kwamba tangu Kamina anafanya hivyo kwa kila mtu, amezoea, isinisumbue. Nilirudi Bukama kila mwaka mpaka alipofariki, na kila mwaka tulikaa hivyo, yeye akionja kwanza, mimi nikingoja na mikono iliyonawa, mpaka aseme, "Sasa kula."